BODABODA WA MSAMVU NA WAKATA MIWA WAKE: MOROGORO ILIPOTAMBA BARA!

Wadau, kuna jamaa mmoja anapaki bodaboda pale Msamvu, jina tuliache. Kijiwe kizima nusu Simba, nusu Yanga, ila yeye ukimuuliza timu anajibu Mtibwa, tena uso mkavu. Wakicheka anasubiri wamalize, kisha anauliza: mwaka 1999 nani alichukua ubingwa wa Bara? Na 2000 je?

Kimyaaa.

Mara mbili mfululizo bana, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani! Jamaa alikuwa dogo wa shule ya msingi, mshua wake anafanya kazi kiwandani. Anachokumbuka sana wala sio makombe. Ni mshua anatoka shifti ananukia molasi, hajala, anamshika mkono moja kwa moja mpaka Manungu. Miwa huku, miwa kule, uwanja katikati. Timu kubwa za Dar zikija, watoto walipanda miti tangu asubuhi. Mpira ukipotelea kwenye miwa, anayeurudisha anatamba wiki nzima. (Hii ya miti kila mtu wa Turiani anayo, sijui ilikuwa miti mingapi!)

Akinogewa anarudi nyuma hata kabla hajazaliwa: Mseto ya hapa mjini, mabingwa 1975, halafu Reli Morogoro, Kiboko ya Vigogo. Hizo kasimuliwa tu, ila anazitetea kama alikuwepo Jamhuri.

2018 walipoifunga Singida United 3-2 kule Arusha na kubeba Kombe la FA, mshua alikuwa hai, walisikiliza redioni pamoja. Timu iliposhuka daraja 2024 hakuwa naye tena. Siku hiyo jamaa alizima simu, pikipiki ikalala ndani. 2025 wakapanda tena, akapakia abiria watatu bure. Watatu tu, mafuta bei!

Sasa kazi iko nyumbani. Mwanae ana miaka 14, winga, ana mbio balaa. Jamaa anataka ampeleke Manungu akajaribu timu ya vijana. Dogo hataki kusikia, anataka Dar kwa mjomba, akajaribu Simba.

"Baba, huko miwani nani ataniona?"

Jamaa hakujibu. Nauli ya Dar ameshaianza kuiweka pembeni, ila dogo bado hajaambiwa.