Mkono wa Mtu

Mimi si daktari wala nesi. Ninayoyaeleza hapa niliyajifunza kando ya kitanda cha baba yangu, katika wodi ya wanaume, na laiti ningeyajua wiki mbili mapema, leo nisingekuwa na la kuandika.

Ilikuwa Juni, msimu wa kuvuna mahindi. Baba alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, paja likavunjika. Hospitalini wakamfunga mguu kwa kamba yenye uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda, wakasema atalala chali hivyohivyo kwa wiki sita. Mimi, kijana nisiye na kazi zaidi ya kujaza daftari mashairi, nikapewa jukumu la kumwuguza.

Nani asiyeijua baridi ya Ufipa mwezi wa Juni? Nilimfunika mzee mablanketi matatu, nikaketi, mikono mfukoni. Asubuhi uji wa ulezi, jioni ugali na samaki wa Ziwa Rukwa. Nikajiona mwuguzaji hodari! Nesi alipokuja kumfunua, nilitazama dirishani. Kwetu mtoto haangalii utupu wa baba yake, bwana.

Siku zilivyokwenda, mzee akaanza kula kidogo. Vijiko viwili vya uji, basi. Nikadhani ni maumivu. Kumbe alikuwa anakwepa kuniomba chombo cha haja. Na mkojo ulipomponyoka usiku, alinyamaza, akalalia shuka mbichi mpaka asubuhi.

Siku ya kumi na mbili nikasikia harufu. Sista akafunua, akaniita. "Kijana, njoo. Leo hutazami dirishani."

Juu kidogo ya kifandugu palikuwa na kidonda kipana kama kiganja changu. Kisigino cha mguu mzima nacho kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, kigumu.

Shangazi alipofika toka kijijini, akaninong'oneza, "Hapa kuna mkono wa mtu." Tuko Sumbawanga, mji ambao jina lake lenyewe watu hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Nami nakiri, nilitamani kuamini. Uchawi ungenipunguzia mzigo.

Sista hakucheka. Akaniambia, "Minya ukucha wako. Umeona unavyokuwa mweupe? Damu imeondoka. Sasa mtu akilala saa nyingi bila kujigeuza, nyama iliyo kati ya mfupa na godoro nayo inakosa damu. Inakufa. Wewe ukiwa usingizini mwili unajigeuza wenyewe. Baba yako amefungwa."

Akanihesabia mengine. Ngozi ikiloa mkojo inalainika, inachubuka upesi. Asiyekula hana cha kujengea nyama. Uzito ukimvuta kuelekea miguuni, ngozi inang'ang'ania shuka wakati nyama ya ndani inateleza. Mzee ngozi yake ni nyembamba. Aliyepooza hasikii yale maumivu yanayotuambia tugeuke, na mwenye kisukari huweza kukosa kuyasikia miguuni. "Halafu usisubiri wekundu wanaouandika vitabuni. Kwa ngozi zetu, tafuta palipozidi weusi, palipo na joto au pagumu kuliko jirani yake. Na usipasugue!"

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1962 nesi mmoja wa Uingereza, Doreen Norton, na wenzake, walichapisha kipimo chepesi cha kumtambua mgonjwa aliye hatarini. Mambo matano: hali ya mwili, akili, kutembea, kujigeuza, na kuzuia haja. Kila moja lina alama 1 hadi 4, na mwenye jumla ya 14 kushuka chini huhesabiwa yumo hatarini. Nikampima baba kwa kumbukumbu. Akili 4, mwili 3, kutembea 1, kujigeuza 2, haja 3. Jumla 13. Lakini katika mambo yale matano sikuona aibu, na aibu ndiyo iliyomzuia kula, ikamlaza kwenye mkojo, ikanigeuza uso.

Kamba haikuruhusu kumlaza ubavu. Basi kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, alishika mpini uliokuwa juu ya kitanda akajiinua, nami nikapitisha mikono chini yake, nikamkausha, nikatandika shuka kavu bila mkunjo. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unavyotazama dirishani," akasema. "Nikaona nisikusumbue."

Mguu ulipona kwanza. Kidonda kilifunga mvua za Desemba zikinyesha.

Shangazi alisema kweli, msomaji. Mkono wa mtu ulikuwepo. Ulikuwa wangu, nao ulikaa mfukoni siku kumi na mbili. Ukiwa na mgonjwa asiyeweza kujigeuza, usiangalie sahani tu. Funua blanketi.