Baada ya Hukumu

Nguzo zile nilizing'oa, na sijawahi kukataa. Jirani alizisimika na seng'enge katikati ya mikorosho aliyotuachia baba, huku Pwani. Nilipofikishwa mahakama ya wilaya kwa kuharibu mali kwa makusudi, kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka saba, nilikana shtaka nikaeleza: nimeng'oa, kwa kuwa shamba ni letu. Hakimu akanitia hatiani: faini au jela miezi sita. Ukoo ukachangishana, tukalipa, risiti nikaihifadhi ndani ya msahafu. Shangazi akasema, "Mwanangu, yaishe."

Aliyekataa yasiishe ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Hakuuliza kama nimeonewa. Aliuliza hukumu imesomwa tarehe ngapi. Kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kungojea nakala. Na nakala hiyo ndiyo iliyonitoa jasho: mara karani yuko likizo, mara haijachapwa, mara njoo Jumatatu.

Nilipoipata niliusoma mwenendo wa shauri palepale kituo cha daladala. Maelezo yangu yote, ya baba na mikorosho na wazee waliomwona akipanda, yalikuwa mistari minne! Lakini mmoja ulisema mshtakiwa anadai shamba ni la baba yake. Msaidizi akauzungushia kalamu nyekundu. Anayegusa mali akiamini kwa dhati kwamba ni haki yake, bila nia ya kudhulumu, hana jinai; na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama Kuu imeshasema kesi ya jinai si mahali pa kuamulia nani mwenye ardhi.

Siku ya rufaa, Dar es Salaam, nilikwenda nimejiandaa kusimulia upya. Jaji hakugusia mikorosho hata kidogo. Wakili wa Serikali, niliyemwogopa kuliko wote, akasimama akasema Jamhuri inaunga mkono rufaa. Hatia ikafutwa, ikaamriwa nirejeshewe faini. (Kuifuatilia ni safari nyingine, heri risiti ilikuwapo.)

Zamani nilikuwa mtu wa mdomo. Barazani hakuna aliyenishinda kwa sauti. Sasa kikao cha kijiji kikizungumzia mipaka, sitoki bila muhtasari wenye muhuri. Nikitoa ushahidi nasema polepole, kalamu inifikie. Wapo wanaoniita msumbufu, na hawajakosea sana.

Shamba lenyewe jaji hakunipa, wala halikuwa lake kunipa. Shauri la umiliki liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na jirani naye ana nyaraka zake. Hatusalimiani bado. Ila jambo moja tumekubaliana, kwa maandishi: mpima aje, gharama tugawane.