Mtu wa Chelezo

Ukutani mbele ya meza yangu ya kazi imetundikwa picha moja iliyokatwa katika kalenda ya zamani. Padri mzee aliyenifundisha Kilatini katika seminari ndogo aliniachia siku alipokuwa akifunga masanduku yake ili arudi kwao. Ni picha ya Kijapani. Mvua ya ghafula inalipiga daraja la mbao; watu wachache wanalivuka kwa haraka, wameinama chini ya miavuli na kofia; na kule chini, mtoni, mtu mmoja peke yake anasukuma chelezo cha magogo kwa pondo.

Aliyeichora ni Hiroshige, mwaka 1857, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Daraja lenyewe lilikuwa katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Picha za namna hiyo hazikupakwa rangi moja moja kwa mkono. Mchoraji alichora, fundi wa pili akauchonga mchoro katika ubao, na wa tatu akapiga chapa juu ya karatasi. Kwa hiyo kila uzi wa mvua ile ni ukingo mwembamba wa mti ulioachwa na kisu cha fundi. Mwaka 1887 Vincent van Gogh, akiwa Paris, aliinakili kwa rangi za mafuta, kwa jinsi alivyoipenda.

Mwaka jana niliipeleka darasani, nikawaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa sita: Leo tutaitungia picha hii haiku. Haiku ni shairi la Wajapani lenye mizani kumi na saba tu: tano, kisha saba, kisha tano. Halina vina. Wanafunzi walicheka kwanza, maana walidhani shairi fupi hivyo ni kazi ya mvivu. Lakini walipendezwa kusikia kwamba Mjapani huihesabu n inayofunga silabi kuwa mizani kamili, kama vile sisi tunavyoihesabu m ya mtu. Lugha mbili zilizo mbali hivyo, na vidole vinahesabu namna moja!

Ili kuwaonyesha njia, nilitangulia mimi kuandika ubaoni:

Mvua ni kali;
maisha ni safari,
tumwombe Mungu.

Mizani ilikuwa sawa kabisa. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema kwa heshima: «Mwalimu, hayo ni mahubiri ya Jumapili. Picha iko wapi?» Darasa likanyamaza likiningojea nikasirike. Kwa kweli nilikasirika kidogo, nami sikumjibu mpaka kengele ikalia.

Kijana alikuwa na haki. Yosa Buson, aliyeishi tangu 1716 hata 1784, alikuwa mchoraji na mtunzi pamoja, akachora vipicha vingi na kuandika haiku kando yake. Picha ya namna hiyo huitwa haiga. Katika haiga iliyo njema, shairi halirudii yale ambayo jicho limekwisha kuyaona. Linasimama kando ya picha na kutazama upande mwingine. Baadaye Masaoka Shiki, ndiye aliyelipa shairi hili jina la haiku, alijifunza kwa wachoraji kuandika kama mtu achoraye kitu kilicho mbele ya macho yake, bila kukifafanua. Aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akawa hainuki kitandani, akaandika yale aliyoyaona bustanini kwake, na mwaka 1902 akafa akiwa na miaka thelathini na minne. Huo ndio umri wangu. Mimi nina miguu mizima, na mbele ya picha nilikuwa nimeona mahubiri tu.

Basi nikairudisha picha nyumbani. Jioni ile mama yangu, anayekaa nasi tangu alipozeeka, aliiona mezani. Mama hakusoma shule. Aliikaribisha kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu. Watu wa darajani hakuwajali. Aliweka kidole juu ya yule wa chelezo, akauliza: «Huyu, mwanangu, nani anamngoja?»

Hapa inanipasa niseme jambo nisilopata kulisema. Baba yangu alikuwa akivusha ndizi kwa mtumbwi katika ziwa Kivu. Nilipokuwa na miaka tisa, alitoka alfajiri moja, mchana ikaja dhoruba, naye hakurudi. Watu walikuja wakilia. Mama nilimwona jikoni, akichochea moto na kupika bugali, usiku ule, na kesho yake, na kesho kutwa. Moyoni nikasema: Mama hana machozi. Nilikwenda seminari ndogo na neno hilo kifuani, nikakua nalo, nikaoa nalo. Nililiungama kama hasira, lakini yeye mwenyewe sikumwambia kamwe.

Nikamjibu: «Sijui, Mama. Picha haisemi.»

Akasema, bila kuondoa kidole: «Baba yako nilimngoja siku tatu. Sikuuacha moto uzimike. Nilisema, akija usiku atakuwa amelowa, atatetemeka, atataka chakula cha moto. Siku ya nne shangazi yako akaja akaumwagia maji.»

Miaka ishirini na mitano, wasomaji wapenzi, nilikuwa nimeutazama moto ule bila kuuona. Nilipiga magoti, nikamshika miguu, nikamwambia yote. Hakushangaa. Alisema tu kwamba alijua nina jambo, kwa sababu tangu utoto nilikuwa sipendi kukaa jikoni.

Usiku huo niliandika nyingine. Mvua sikuitaja, kwa kuwa Hiroshige amekwisha kuichora:

Mtu na pondo;
nyumbani moto wake
haujazimwa.

Asubuhi niliiandika ubaoni mahali pa ile ya kwanza. Yule kijana wa nyuma aliisoma kwa sauti ndogo akihesabu kwa vidole, kisha akaniuliza kama mtu huyo alifika. Nikamwambia akae aandike ya kwake. Wengine waliandika juu ya daraja, msichana mmoja akaandika juu ya viatu vilivyolowa, na ya kwake ilishinda zote, hata yangu.

Jumapili tulimtolea baba Misa. Tuliporudi, mama aliniomba nimsomee maneno ya mtu wa chelezo. Nikamsomea. Akaniambia nirudie mstari wa katikati, nikarudia. Kisha akainuka kwenda jikoni, maana watoto walikuwa na njaa, nami nikamfuata, nikavuta kigoda, nikakaa.