Hita kwa Wenye Mlango

Toronto, joto la nyumba limo kwenye sheria. Kanuni za jiji humtaka mwenye nyumba ya kupangisha asiruhusu joto la ndani lishuke chini ya nyuzi 21 za Selsiasi miezi ya baridi. Hita ikizima na mwenye nyumba akajifanya hasikii, mpangaji hupiga simu 311 kulalamika kwa jiji. Kwa Mkenya aliyekulia Limuru, ambako watu hupambana na baridi ya Julai kwa sweta mbili, chai ya moto na jiko la makaa, habari hii ni kama ngano. Na jiko lenyewe si la kuaminika: kuna familia zilizolala nalo ndani, madirisha yamefungwa, zikauawa na hewa ya kaboni monoksaidi. Kwa hiyo anayesimama kanisani Januari kumshukuru Mungu kwa hita asichekwe. Anajua anachokisema.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo ya joto inamlinda mwenye mlango tu.

Katikati ya mwaka 2023, waombaji hifadhi wengi kutoka Afrika, wakiwemo Wakenya na Waganda, walijikuta wakilala kando ya njia katika mtaa wa Peter, katikati ya Toronto, nje ya ofisi ya kupangia watu nafasi za shelta, yaani malazi ya dharura. Shelta zilikuwa zimejaa, na jiji na serikali kuu walikuwa wakivutana: nani alipe? Wakati wakubwa wanatafuta jibu, makanisa ya Waafrika na ya watu weusi yalifungua milango. Revivaltime Tabernacle na Dominion Church International, yote ya upande wa kaskazini wa jiji, yaligeuza ukumbi wa ibada kuwa bweni. Watu walilala sakafuni na kwenye viti, na waumini wakaleta chakula, mablanketi na nguo. Julai hiyo hiyo serikali kuu ilitangaza dola milioni 97 za Kanada kwa ajili ya Toronto. Fedha zilikuja baada ya sufuria.

Hapo ndipo tofauti ya huku na kule inapoonekana. Nyumbani Kenya, mtu akikwama haulizwi namba ya faili. Huulizwa ni wa nani, ametoka wapi, nani anamfahamu. Jina la shangazi au la kijiji linatosha kumpatia godoro la sebuleni. Nyumba ikiungua, kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku huo huo, mweka hazina akateuliwa, na michango ikaanza kuingia kwa M-Pesa. Ni utaratibu mzuri, ila una ubaguzi wake ambao hatupendi kuutaja: asiye na ndugu, au aliyegombana nao, hupitwa. Toronto, kinyume chake, foleni haijali ukoo wa mtu. Inachojali ni kama kitanda kipo.

Kisipokuwepo, baridi haingoji. Januari kipimajoto cha Toronto kwa kawaida hucheza chini ya sifuri, na siku mbaya, upepo ukichanganyika, mwili huhisi nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi. Februari 2024, mama mmoja Mkenya aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Kanada alifariki baada ya kusubiri saa nyingi nje ya shelta huko Mississauga, jirani na Toronto. Habari hiyo ilizitikisa jumuiya za Wakenya kuliko hotuba yoyote kuhusu uhamiaji.

Wenyeji wa Toronto nao wana historia yao ya aibu na ya heri. Mwaka 1987, kifo cha mtu asiye na makao aliyefahamika kwa wanafunzi wa shule ya St. Michael's ndicho kilichozaa mpango wa Out of the Cold: makanisa, na baadaye masinagogi, yakipokezana usiku wa kulaza na kulisha watu wakati wa baridi. Ukiutazama vizuri, ni ule ule mlango wa jirani, isipokuwa umepangiwa ratiba.

Kuna pia kichekesho kimoja. Sehemu ya makoti yanayotolewa sadaka Kanada hufungwa kwenye marobota na kufika soko la Gikomba, Nairobi, ambako msafiri huyanunua kama mtumba kabla ya kupanda ndege. Koti linarudi kwao likiwa na mtu ndani. Mara nyingi limechaguliwa kwa urembo, na hutosha baridi ya Kinangop lakini halitoshi ya Toronto.

Basi kwa msomaji aliyekwishazoea huko Kanada: toa sadaka ya koti zito mapema, Novemba, na usisahau viatu vya theluji na glavu. Na kama kuna ndugu anayetua miezi ya baridi, mpe mambo mawili kabla hajaondoka: anwani ya mtu atakayempokea usiku wa kwanza, na namba 211, ya kuulizia huduma za jamii, inayopatikana saa 24 na yenye wakalimani wa lugha nyingi.