Tuliyemchagua Tumuulize

Ndugu msomaji, nitaanza na aibu yangu mwenyewe kabla sijamtaja mtu mwingine, maana si haki mtu kuwanyooshea wenziwe kidole ilhali lake amelifunika.

Kijijini kwetu, huku kaskazini ya Pemba, mashine ya kusukumia maji iliharibika. Wakati wa kampeni mtu tuliyemchagua alisimama chini ya mwembe, mbele ya wazee na akina mama, akaahidi kwamba akipata kiti, mashine hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya kwanza. Kiti akapata. Ikapita miaka miwili. Wake zetu na binti zetu wakaendelea kuteremka bondeni alfajiri na madumu yao, wakingojana kwenye kisima kimoja ambacho jua likizidi maji yake huwa tope. Basi tukasikia kwamba mheshimiwa atahudhuria maulidi. Watu wa msikitini wakakubaliana aulizwe, na kwa kuwa mimi nilisomesha skuli nikapewa kazi ya kuandika. Nikaandika masuali matatu katika karatasi, nikaitia katika mfuko wa kanzu.

Maulidi yakesha, watu wakala pilau, mheshimiwa akazungukwa. Huyu anataka nauli ya boti, huyu mwanawe anadaiwa ada, yule kafiwa hana sanda. Nami, ndugu msomaji, mke wangu alikuwa anatakiwa Spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na mkononi sikuwa na kitu, kwani mwaka ule mikarafuu haikuzaa. Nilipomfikia nikamweleza la mke wangu. Akatia mkono mfukoni, akanipa shilingi 50,000 mbele za watu, akamwombea mgonjwa dua. Nikashukuru. Karatasi ikabaki mfukoni. Ningemuulizaje mtu aliyenisitiri punde hivi?

Jioni yake bibi mmoja jirani yangu akanijia mlangoni. "Mwalimu, lile la maji kasemaje?" Nikamwambia hapakuwa na nafasi. Nilisema uwongo, nafasi ilikuwapo.

Simsemi yule bwana kwamba alinihonga. Pengine alinihurumia kweli. Lakini tazama tulivyomfundisha kazi yake. Akimpa mtu mmoja nauli, khabari huenea kijiji kizima kwamba huyu ni mtu wa watu. Akikaa Baraza la Wawakilishi siku nzima akambana waziri kwa suali la maji, hapana amsifuye, na asipoonekana mazikoni huambiwa ana maringo. Basi naye afanye lipi? Amefuata njia tuliyomtengenezea sisi wenyewe. Tumemgeuza kuwa mtoaji sadaka, na maskini hamuulizi mtoaji sadaka hisabu.

Jambo hili hustaajabisha zaidi likiwa Pemba, kwani sisi thamani ya kura hatusimuliwi. Mama zetu walianza kupiga kura mwaka 1961. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza baada ya kurejea vyama vingi, viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa chama kimoja. Tarehe 27 Januari 2001 watu waliandamana Wete, Micheweni na Chake Chake kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka uliotangulia, wakapigwa risasi. Serikali ilikiri watu zaidi ya 20 kufa, na wachunguzi wengine wakahisabu zaidi ya hao. Watu wapatao elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka ukatiwa saini Oktoba mwaka huohuo. Watu waliotoa damu yao kwa ajili ya kura, kwa nini wamwachie aliyepata kura hiyo afanye atakavyo miaka mitano?

Nionavyo mimi, sababu ni hiyo damu yenyewe. Tulipoona kiti kimepatikana kwa taabu namna ile, tukamfanya aliyekikalia kuwa ni bendera, na bendera haiulizwi. Anayeuliza huambiwa anawafurahisha wa upande wa pili. Nimeyasikia maneno haya barzani zaidi ya mara moja, na kila chama kina watu wake wa kuyasema. Matokeo yake ni kwamba mtu wetu tunamficha makosa, wa wenzetu hatusikilizwi naye, na mashine ya maji haina wa kuisemea.

Wakumbuke wa Spice Islander. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ile ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi; wapo walioiona bandarini jinsi ilivyoinama wakakataa kupanda. Waliokufa walipita 200, na wengine wengi hawakuonekana tena. Khitma zikasomwa kisiwa kizima, na tume ikaundwa. Mwaka haujapita kwa ukamilifu wake, tarehe 18 Julai 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hapo ndipo Hamad Masoud Hamad, waziri aliyesimamia mawasiliano, naye wakati huo alikuwa mwakilishi kutoka huku kwetu Pemba, alipojiuzulu. Ni wachache katika nchi zetu wanaoshuka kwenye kiti, kwa hivyo simlaumu kwa kushuka. Lakini katika miezi ile kumi na zaidi, mimi na wewe tulimwendea nani katika wale tuliowachagua, tukamuuliza: sasa abiria wanahisabiwa na nani, na meli ikizidisha anaizuia nani? Mimi sikwenda kwa mtu. Nililia, nikasoma khitma, na nilipopata safari nikapanda boti iliyojaa kama nilivyozoea.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar alisimama juu ya mimbari akataka watu wamsikilize, mtu mmoja akainuka akasema hatusikii wala hatutii mpaka utueleze: nguo iligawiwa kipande kimojakimoja, vipi wewe mtu mrefu umeenewa? Umar akamtaka mwanawe Abdullah ajibu, naye akaeleza kwamba alimpa babake fungu lake. Yule mtu akasema, sasa sema, tutasikia. Hakuitwa adui. Nawe tazama jambo moja ambalo mimi nilichelewa kuliona: nguo aliyokuwa nayo muulizaji ni haki yake katika mgao, hakupewa na Umar kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana ulimi wake ulikuwa mwepesi.

Sheria zetu hazitupi njia ya kumwondoa mbunge wala mwakilishi kabla ya muda wake. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, mwaka 2013, ilipendekeza wapiga kura waweze kumwondoa mbunge, lakini jambo hilo halikubaki katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014. Kilichotubakia ni ulimi, na ulimi wangu mimi ulikwisha kufungwa kwa shilingi 50,000.

Shaabani iliyopita tulikwenda nyumbani kwake watu wanne, na bibi yule alikuwamo. Nilichukua fedha zile katika bahasha. Akakataa kuzipokea, akasema, "Mwalimu, ile ilikuwa sadaka." Nikamuuliza kama ilitoka mfukoni mwake au katika fedha za jimbo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni zake mwenyewe. Nikalikubali neno lake, bahasha nikaiacha juu ya meza.

Halafu nikayasoma masuali matatu, kwa karatasi ileile. Akajibu kwa upole kwamba jambo la mashine amekwisha kulizungumza na wanaohusika. Bibi akauliza, "Siku gani, baba?" Hakuikumbuka siku. "Kwa mdomo au kwa barua?" Akasema ipo barua, atatuletea nakala yake.

Nakala haijafika mpaka leo ninapoandika. Tumeandikiana na sheha kwamba tutarudi kwake baada ya mfungo mosi, na safari hii tumekubaliana hapana atakayetaja nauli, ugonjwa wala ada. Bibi amesema atakuja na dumu lake.