Kusikia Ni Kazi ya Wawili



Katika Kiswahili chetu neno «kusikia» lina maana mbili. Ni kupokea sauti kwa sikio, tena ni kutii. Mama akilalamika kwamba mtoto wake hasikii, jirani haulizi habari za masikio; huelewa mara moja kwamba mtoto ni mkaidi. Sisi tuliopungukiwa na uwezo wa kusikia tumeishi katika mkanganyo huo tangu zamani. Darasani tuliitwa wazembe, nyumbani wakaidi, na katika jumuiya tuliitwa wenye kiburi, kwa kuwa tulisalimiwa kwa nyuma wala hatukugeuka. Wengine wetu waliadhibiwa kwa ajili ya maagizo ambayo hayakuwafikia kamwe.

Njia zilizotuleta hapa ni nyingi. Wako walioshikwa na homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo, na wako waliotokwa na usaha sikioni bila kupata matibabu. Wako waliotibiwa kwa streptomisini au jentamisini, dawa ambazo huokoa uhai lakini zaweza kudhuru sikio la ndani. Wako waliofanya kazi miaka mingi kando ya kinu cha unga au jenereta, na wako waliofikiwa na uzee tu. Hatuko wachache: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 430 ulimwenguni wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu huu.

Watu hudhani kwamba sisi husikia kila kitu kwa sauti ndogo. Sivyo. Mara nyingi zinazopotea kwanza ni konsonanti nyembamba: s, f, t, sh. Irabu hubaki. Mtu akisema «fika», «sita» au «shika», sisi hupata «i» na «a», kisha hutafuta neno kwa kutazama midomo na kukumbuka mazungumzo yalikuwa juu ya nini. Ndiyo maana twaweza kukujibu vema saa mbili asubuhi na kukosa kila kitu saa kumi na mbili jioni: kazi hiyo ya kukisia huchosha. Na ndiyo maana kutupigia kelele hakusaidii. Kelele hukuza irabu ambazo tayari tulikuwa nazo, nayo midomo hupotoka.

Baadhi yetu wamejaliwa kupata kifaa cha kusikia. Ndani yake mna mikro ndogo, mashine ya kukuza sauti na kipaza sauti kinachoelekea sikioni. Hutusaidia sana, nasi twashukuru. Lakini kifaa hicho hukuza pia kikohozi cha jirani, kilio cha mtoto na mvua inayopiga mabati ya kanisa. Sikio lake halichagui kama sikio lako linavyochagua. Tena bei yake huwashinda wengi, betri zake ndogo huisha baada ya siku chache, na jasho na unyevu huharibu haraka. Ukimwona mzee amekivua, usimkemee. Huenda anahifadhi betri kwa ajili ya Misa ya Jumapili.

Adui mkubwa wa kifaa ni umbali. Kwa hiyo zipo mbinu za kuileta sauti karibu. Msemaji aweza kuvaa mikro ndogo inayotuma sauti moja kwa moja katika kifaa cha msikilizaji. Katika makanisa ya nchi nyingine waya wa shaba huzungushwa kandokando ya ukumbi na kuunganishwa na mashine ya sauti. Koili iliyo ndani ya kifaa huipokea sauti hiyo kwa nguvu ya sumaku, bila mwangwi. Penye mfumo huo hubandikwa alama ya sikio na herufi T. Na zipo programu za simu zinazoandika maneno yanaposemwa; hukosea, lakini hutuokoa pale mazungumzo yanapotuponyoka.

Parokia isiyo na waya huo haikosi la kufanya. Injili ya Marko, sura ya 7, yasimulia kwamba Yesu, kabla ya kumponya mtu aliyekuwa kiziwi, alimtenga kwanza na umati, kisha akamgusa masikio na ulimi. Alimwondoa penye kelele, akasema naye kwa mikono. Hayo hayahitaji umeme. Mguse mtu bega kabla ya kuanza kusema. Simama penye mwanga, mdomo usifunikwe na mkono wala karatasi ya nyimbo. Asipopata neno, lisema kwa namna nyingine. Wala usimjibu «si kitu, acha tu», kwa maana hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kuketi nyuma, halafu kubaki nyumbani. Namba ya wimbo iandikwe ubaoni. Na kwa ajili ya Kitubio, kitafutwe chumba cha pembeni chenye mlango, ili mtu asilazimike kutaja dhambi zake kwa sauti inayofika kwenye mabenchi.

Nanyi yalindeni masikio yenu. Wataalamu huruhusu sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, si zaidi. Sauti ikipanda, muda hupungua upesi. Punguzeni sauti ya simu, na katika mazoezi ya kwaya msikae mbele ya vipaza sauti. Sikio la ndani likifa halifufuki.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika parokia yetu, ni nani aliyeacha kuja mikutanoni, nasi tukasema amelegea katika imani? Je, tulimwuliza kama anatusikia?

2. Mahali tunapokutania, ni kelele gani tunayoweza kuiondoa juma hili?

3. Ni nani kati yetu atakayeketi karibu na mwenye shida ya kusikia, amwandikie yaliyompita?