Nyuzi 94

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi nilidhani ni kuwauliza wengine tu, kumbe mtu aweza kujiuliza mwenyewe!

Muhula uliopita tulikuwa maabarani tukichemsha maji. Kazi yetu ilikuwa kusoma kipimajoto kila dakika na kuandika. Maji yalitokota kweli kweli, lakini kipimajoto kikagoma kwenye nyuzi 94. Tukangoja, wapi! Mwenzangu akaninong'oneza, "We, andika 100. Si kitabu kinasema 100?" Nikaandika, na grafu nikaichora safi ajabu.

Mwalimu alipofika mezani petu hakunigombeza. Alitazama kipimajoto, akatazama daftari langu, kisha akauliza, "Hii 100 umeijuaje?"

Nilinyamaza kama maji mtungini. Kusema kweli sikuijua, nilikuwa nimeikariri tu. Kilichoniuma ni kuwa niliona kwa macho yangu mawili, kisha nikayakana.

Basi akatuamuru tufunge vitabu, kila mtu aandike mambo matatu: mwanzoni nilifikiri nini, nimeona nini, na sasa ninafikiri nini. Hapo nikamkumbuka mjomba wangu, ambaye huwabebea watalii mizigo Mlima Kenya. Yeye husema kule juu maji huchemka lakini viazi haviivi. Siku zote nilidhani ni baridi.

Kumbe ni hewa! Kadiri unavyopanda ndivyo msukumo wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kabla hayajapata moto sana. Mombasa, kando ya bahari, huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Nyeri, yapata mita 1,750 juu ya bahari, ni kama 94. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, hata 85 hayafiki. Jibu nililolidharau ndilo lililokuwa sahihi!

Tangu siku hiyo nina daftari dogo. Jioni, kabla mama hajaepua githeri, huandika: Leo nimeelewa nini? Ni wapi nimejidanganya? Katika mtihani uliofuata sikuwa wa kwanza, nisiwadanganye. Lakini kabla karatasi hazijarudishwa nilijua maswali niliyokosa, na nilikwisha kuyasoma upya.

Wenzangu, msiogope kujiuliza, "Hili nimelijuaje?" Ukikosa jibu, hapo ndipo pa kuanzia kusoma.